Kufanana kwa Jina Hakuthibitishi Nasaba: Familia ya Weiser katika Nyaraka za Awali za Marekani

Mada kwa semina ya watunza nyaraka, wakutubi na wanafunzi wa historia



1. Utangulizi

Mtafiti wa nasaba anapokutana na jina la ukoo wake katika orodha ya karne ya 18, moyo humdunda. Hapo ndipo anapohitaji utulivu kuliko wakati mwingine wowote. Makosa mengi katika nasaba za Wajerumani wa Marekani yalizaliwa katika dakika hiyo ya furaha: mtu aliona jina, akaona mwaka unaokaribiana, akaunga vizazi viwili ambavyo havikuwahi kuhusiana.

Katika mada hii natetea hoja moja. Jina pekee halithibitishi nasaba. Kinachothibitisha ni watu waliomzunguka mwenye jina, yaani waliosafiri naye, waliopakana naye shamba, waliosimama naye kwenye ubatizo wa watoto wake. Na watu hao tutawaona pale tu tutakapoielewa kila nyaraka kwa kuiuliza maswali matatu: nani aliiandika, kwa haja gani, na nani aliachwa nje?

Nimechagua familia ya Weiser kwa sababu habari zake ziko wazi kwa umma na nyaraka zake ni nyingi. Conrad Weiser, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1696 na kufariki tarehe 13 Julai 1760, alikuwa mkalimani mashuhuri baina ya serikali ya Pennsylvania na Mataifa ya Iroquois. Aliwaandikia watoto wake maelezo ya maisha yake. Kwa hiyo tunaweza kuzipima nyaraka kwa kumbukumbu yake, na kumbukumbu yake kwa nyaraka. Tutamfuata kinyumenyume, kutoka kaburini hadi kijiji alichozaliwa, kama inavyompasa kila mtafiti kuanza na kinachojulikana na kurudi nyuma hatua kwa hatua.

2. Usuli kwa ufupi

Wajerumani walianza kuhamia Pennsylvania kwa makundi mwaka 1683, familia 13 kutoka Krefeld zilipofika kwa meli Concord na kushiriki kuanzisha Germantown pamoja na Francis Daniel Pastorius. Wimbi kubwa kuliko hilo lilianza mwaka 1709. Vita vya mfalme Louis wa 14 vilikuwa vimeunguza maeneo ya mto Rhine, majira ya baridi ya 1708 na 1709 yakaua mizabibu na mifugo, na vijitabu vilivyosifia ardhi ya ng'ambo vikapita mkono kwa mkono. Watu wapatao 13,000 walifika London wakitumaini kuvushwa. Takribani 3,000 kati yao walipakiwa katika meli kumi kwenda New York, ambako gavana Robert Hunter alikusudia wachemshe lami ya misonobari kwa ajili ya meli za kivita za Uingereza. Mamia walikufa njiani na muda mfupi baada ya kufika. Baadaye, kuanzia miaka ya 1720, bandari kuu ya Wajerumani ikawa Philadelphia.

Waingereza waliwaita wote hao Wapalatini, wakimaanisha watu wa jimbo la Palatinate. Ukweli ni kwamba wengi walitoka Württemberg, Hesse, Nassau na kwingineko. Weiser mwenyewe alitoka Württemberg. Anayemtafuta babu yake katika vitabu vya Palatinate kwa sababu tu orodha inamwita Mpalatini anaweza kumaliza miaka akichimba mahali pasipo na kitu.

3. Hatua ya kwanza: Tulpehocken, 1760 hadi 1729

Weiser alifariki akiwa na shamba katika bonde la Tulpehocken, karibu na Womelsdorf ya leo. Mirathi yake ni ya kaunti ya Berks, makao yake makuu Reading. Lakini mtafiti akitafuta huko hati za miaka ya 1730, hatapata kitu. Sababu ni kwamba kaunti ya Berks iliundwa mwaka 1752. Kabla ya hapo shamba lilelile, na familia ileile, vilikuwa chini ya kaunti ya Lancaster. Nayo Lancaster ilikatwa kutoka Chester mwaka 1729. Familia haikusogea hata hatua moja, ila karatasi zake ziko katika majengo mawili tofauti. Kwa hiyo kabla ya kufungua jalada lolote, tengeneza kwanza jedwali la historia ya mipaka ya eneo unalolichunguza.

Wosia na hati za ardhi ndizo nyaraka zenye uzito mkubwa katika ukoo wa wakulima. Wosia hutaja watoto na mara nyingi waume wa mabinti, hivyo humrudisha mwanamke aliyepotelea katika jina la mumewe. Hati ya shamba hutaja waliopakana naye. Na wosia huwa na mashahidi. Andika majina yao yote, hata kama huoni kwa sasa yana faida gani. Majirani wa Tulpehocken ndio watakaotuonyesha njia ya kurudi nyuma.

4. Hatua ya pili: walifikaje?

Mtafiti wa ukoo wa Kijerumani wa Pennsylvania hukimbilia orodha za meli za Philadelphia, na ana haki. Tarehe 14 Septemba 1727 Baraza la jimbo liliagiza manahodha watoe orodha za abiria wao wageni, na wageni hao watie saini tamko la utii kwa mfalme. Wiki moja baadaye, tarehe 21 Septemba, abiria wa meli William and Sarah wakawa wa kwanza. Utaratibu uliendelea hadi 1775. Ralph Strassburger na William Hinke walizichapisha orodha hizo mwaka 1934 katika majuzuu matatu, la pili likiwa na picha za saini zenyewe.

Sasa tuulize maswali yetu matatu. Nani aliandika? Orodha ya nahodha iliandikwa na watu waliosikia majina ya Kijerumani kwa masikio ya Kiingereza. Orodha za kiapo cha utii, na baadaye za kiapo cha kuukana upande wa wadai wengine wa kiti cha enzi, zina saini za wahamiaji wenyewe. Palipo na orodha zaidi ya moja kwa meli ileile, saini ya mtu mwenyewe ina nguvu kuliko tahajia ya karani. Asiyejua kuandika aliweka alama, na karani akaandika jina kandokando yake. Hapo tumerudi kwenye sikio la karani. Kwa haja gani? Serikali ilihofia idadi kubwa ya wageni ambao utii wao haukujulikana. Nani aliachwa nje? Walioapa ni wanaume wa miaka 16 na kuendelea. Kwa kawaida wanawake na watoto hawamo.

Weiser hayumo katika orodha ya mwaka aliohamia Tulpehocken, na si kwa sababu karatasi imepotea. Hakushuka Philadelphia. Mwaka 1723 familia kadhaa za Wajerumani wa bonde la Schoharie, New York, zilishuka kwa mto Susquehanna hadi Tulpehocken. Weiser akawafuata mwaka 1729. Mtafiti asiyejua habari hiyo, akikuta Weiser mwingine katika orodha ya Philadelphia, atamchukua na kumfanya babu. Ni majirani wa Tulpehocken, ambao majina yao yamo katika nyaraka za zamani za New York, wanaotuambia tuelekee kaskazini.

5. Hatua ya tatu: Schoharie na swali la Anna Eva

Katika maelezo yake, Weiser anasema alifunga ndoa mwaka 1720 na Anna Eva, wakifungishwa na mchungaji Johann Friedrich Heger nyumbani kwa baba yake huko Schoharie. Hataji jina la ukoo la mkewe. Nafasi hiyo iliyobaki wazi ilijazwa na simulizi. Kwa kuwa Weiser akiwa kijana aliishi miezi kadhaa kwa Wamohawk, mojawapo ya Mataifa ya Iroquois, kati ya 1712 na 1713 ili ajifunze lugha yao, wapo waliosimulia kwamba mkewe alikuwa Mmohawk.

Nyaraka zinasema nini? Weiser aliorodhesha watoto wake pamoja na wachungaji waliowabatiza na wasimamizi wa ubatizo wao. Wasimamizi wa binti yake Maria, aliyezaliwa mwaka 1727, walikuwa Niklas Feg na mkewe. Kwa desturi ya Wajerumani, msimamizi hakuokotwa njiani. Alikuwa ndugu wa baba au wa mama, au rafiki wa karibu sana. Jina Feg, ambalo pia huandikwa Feck, ni la familia nyingine iliyofika New York mwaka 1710. Mkwe wa Weiser, mchungaji Henry Melchior Mühlenberg, aliyemwoa Maria huyohuyo mwaka 1745, aliandika kwamba mama mkwe wake alikuwa Mjerumani aliyezaliwa na wazazi wa Kiinjili. Ushahidi wa msimamizi na ushahidi wa mkwe vinakutana, na watafiti wa ukoo huu wanamtambua Anna Eva kuwa binti wa familia ya Feck. Hakuna karatasi moja iliyotoa jibu hilo. Limetoka katika mkutano wa watu.

Orodha hiyo ya watoto ina somo la pili. Mtoto wa kwanza, Philip, alibatizwa mwaka 1722 na mchungaji Mlutheri. Wa pili, Anna Magdalena, mwaka 1725 na mchungaji wa Kanisa la Reformati. Maria akabatizwa tena na Mlutheri. Wachungaji walikuwa wachache, nao walisafiri. Familia ilimtumia yule aliyefika. Basi anayefungua rejista ya dhehebu moja tu, akadhani mtoto asiyeonekana hakuzaliwa, ameifungia familia katika kanuni ambayo yenyewe haikuifuata.

6. Hatua ya nne: kambi za Hudson, 1712 hadi 1710

Kwenye mto Hudson tunakutana na nyaraka za chakula. Gavana Hunter alitumia fedha nyingi kuwalisha wahamiaji, naye alitaka serikali ya London imrudishie. Ndiyo maana ziko hesabu za mgao wa miaka ya 1710 hadi 1712, zikitaja mkuu wa familia na idadi ya watu wake waliozidi miaka kumi na walio chini ya miaka hiyo. Hazikutungwa ziwe nasaba, lakini zina thamani kubwa kwetu. Idadi ikipungua kati ya hesabu moja na nyingine, tuulize: kifo, ndoa, au mtoto amepelekwa kwingine? Mkuu wa familia akibadilika kutoka mume kuwa mke, huenda tumempata mjane.

Watoto kupelekwa kwingine kulitokea kweli. Hunter aliwagawa watoto wengi, yatima na wasio yatima, wakatumike kwa mabwana hadi wakue. Orodha yao imehifadhiwa. Conrad anasimulia kwamba ndugu zake wawili, Georg Friedrich na Christoph Friedrich, walipelekwa Long Island baba yao akiwa mgonjwa, na kwamba mdogo wao Johann Friedrich alikufa Desemba 1710. Jina la Friedrich limebebwa na vijana watatu wa nyumba moja. Baba na mwana nao wote ni Johann Conrad. Wajerumani wa wakati huo walimpa mtoto majina mawili ya ubatizo, la kwanza mara nyingi likiwa Johann au Anna kwa nyumba nzima, na la pili ndilo aliloitwa. Hivyo anayedai kwamba “Johann wa orodha hii ndiye Johann wetu” bado hajasema lolote. Na neno “mdogo” baada ya jina halimaanishi lazima mwana wa “mkubwa”. Lilitofautisha watu wawili wa jina moja katika kijiji kimoja.

Hapa pia tunaweza kumpima Conrad mwenyewe. Anasema walitia nanga New York tarehe 13 Juni 1710, na nyaraka zinathibitisha kwamba meli Lyon ilifika siku hiyo. Anasema waliosafiri walikuwa kama 4,000; hesabu za serikali ziko karibu na 3,000. Alikuwa mvulana wa miaka 13. Tarehe aliishika, idadi ikavimba. Shahidi anayeaminika katika jambo moja hupimwa upya katika jambo la pili.

7. Hatua ya tano: London, kisha kijijini

Mwezi Mei na Juni 1709 makarani wa London waliandika orodha nne nzuri sana za Wajerumani waliowasili: jina, umri, umri wa watoto, dini na kazi. Familia ya Weiser haitazamiwi kuwamo, na sababu tunaijua: Conrad anasema waliondoka kijiji cha Gross Aspach tarehe 24 Juni 1709, wakati uandikishaji ule wa London ulikuwa unakwisha. Ukosefu wa jina unapokuwa na sababu inayoeleweka, nao ni ushahidi.

Tarehe hizo zina mtego wake. Majimbo ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalihamia kalenda mpya mwaka 1700, ilhali Uingereza na makoloni yake walibaki na ya zamani hadi 1752. Baina ya kalenda hizo kulikuwa na siku 11, na kwa Waingereza mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa “Februari 1730” katika rejista ya Kiingereza huenda kwa hesabu yetu ni wa 1731. Na mwandishi anayeandika “7bris” hamaanishi mwezi wa saba, ni Septemba.

Conrad alisema alizaliwa Affstätt, katika wilaya ya Herrenberg, na kwamba familia ilihamia kutoka Gross Aspach. Wengi hawana bahati ya kuachiwa jina la kijiji. Kwao kuna njia iliyotumiwa na Henry Z Jones, ambaye mwaka 1985 alichapisha utafiti wake juu ya familia 847 zilizofika New York mwaka 1710. Jones alitambua kwamba watu wa kijiji kimoja walisafiri pamoja, wakaandikwa karibukaribu, wakaoana na kusimamiana ubatizo. Ukimjua jirani mmoja ametoka wapi, fungua vitabu vya kanisa vya kijiji hicho na vya vijiji vinavyokizunguka, na wengine wataanza kujitokeza. Ulrich Simmendinger, aliyerudi Ujerumani na kuchapisha huko Reutlingen mnamo 1717 majina ya Wajerumani aliowaacha New York wakiwa hai, alitupatia orodha inayotusaidia sana kuwapanga majirani hao. Siku hizi vitabu vingi vya makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani vinasomeka kwa intaneti kupitia Archion, iliyofunguliwa mwaka 2015.

8. Majina yanayogeuka

Karani Mwingereza alichanganya B na P, D na T, G na K. Müller akawa Miller, Schneider akawa Snyder. Wengine walitafsiriwa: Zimmermann akawa Carpenter, Schwarz akawa Black. Mwanamke katika kitabu cha Kijerumani huongezewa mwishilio “-in”, hivyo binti wa Feck ataandikwa Feckin. Kwa hiyo mtafiti na aandae mapema orodha ya sura zote ambazo jina lake linaweza kuchukua, kisha asome rejista nzima kwa macho yake. Faharasa hutengenezwa na watu, nao hukosea kusoma mwandiko.

9. Walioachwa nje

Swali la tatu, la nani aliachwa nje, lina uzito ambao siwezi kuupita. Sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, ilitaja wakuu wa kaya tu. Wake na watoto wao wakawa tarakimu. Ni mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa jina lake. Watu waliokuwa watumwa, wenye asili ya bara letu la Afrika, waliandikwa mwaka 1850 na 1860 katika majedwali ya pembeni kwa umri, jinsia na rangi, kwa kawaida bila majina, chini ya jina la mmiliki. Wengi wao walitajwa kwa majina katika sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870.

Kijiji cha Germantown kilitoa mwaka 1688 tamko lililotiwa saini na Pastorius na wenzake watatu, la kupinga utumwa. Tunazijua saini zao nne. Majina ya waliokuwa wakiuzwa hatunayo katika karatasi hiyo. Mjukuu wa Mjerumani anarudi vizazi kumi kwa sababu mamlaka zilitaka kodi, kiapo na hesabu ya mkate kutoka kwa babu yake, zikamwandika kama mtu. Mjukuu wa mtumwa anagonga ukuta wa 1870 kwa sababu mamlaka zilimwandika babu yake kama mali. Kila tunaposifu utajiri wa nyaraka za kundi moja, tuna wajibu wa kutaja wale ambao utajiri huo haukuwagusa. Mbinu ya majirani inawasaidia hata hao: wosia na hesabu za mirathi za wamiliki mara nyingi hutaja majina ambayo sensa iliyafuta.

10. Mapendekezo

Kwanza, vyuo vyetu vifundishe usomaji wa Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani. Ujuzi huohuo unaofungua rejista za Pennsylvania unafungua nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizoko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambazo UNESCO iliziingiza katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997.

Pili, kila hitimisho la nasaba liandikwe pamoja na hoja zake: nyaraka zipi, zinakubaliana wapi, zinapingana wapi, na kwa nini tumechagua upande huu. Anayekuja baadaye aweze kutupinga kwa haki.

Tatu, maktaba zinapotengeneza faharasa za rejista za ubatizo na ndoa, ziingize pia majina ya wasimamizi na mashahidi. Anna Eva alipatikana kwa msimamizi. Faharasa inayobeba majina ya wazazi na mtoto peke yao ingempoteza.

11. Kwa kazi ya vikundi

Nawaomba washiriki wajadili katika vikundi:

(a) Orodha ya mgao ya Agosti inamtaja baba na watu watano. Ya Desemba inamtaja mama na watu watatu. Taja maelezo yote yanayowezekana, na nyaraka ambayo ungeifungua kwa kila moja.

(b) Wanaume wawili wa jina moja wanaishi bonde moja mwaka 1745. Ni majirani, mashahidi na wasimamizi gani ungewatumia kuwatenganisha?

(c) Chagua rejista moja ya kanisa, msikiti, shule au baraza unayoifahamu mahali unapotoka. Nani aliiandika, kwa haja gani, na nani hayumo?

Swali la tatu lipewe muda mrefu kuliko mengine, kwa sababu majibu yake yatatuonyesha ni rejista zipi tunapaswa kuanza kuzihifadhi sasa, wakati wazee wanaoweza kutuambia nani aliachwa nje bado wapo.